Nyota Mpya Isiyo Mpya: Uhakiki wa Istilahi za Falaki

Istilahi ya sayansi yaweza kukosea kwa njia mbili: kusema pungufu ya kilichoonekana, au kusema zaidi ya kinachojulikana. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi tatu ambazo mfasiri huzifikia upesi anapotaka kueleza nyota ambazo mwanga wake hubadilika. Nazo ni nyota mpya, nyota geugeu na nyota badilifu.

Tuanze na nyota mpya. Hii ni tafsiri ya neno la Kilatini, nova, alilolitumia Tycho Brahe wa Denmark alipoandika juu ya nyota iliyotokea katika kundi la Kassiopeia Novemba 1572. Yeye aliona nuru mahali ambapo jicho halikuzoea kuona kitu, akaiita mpya. Leo twajua kwamba ilikuwa nyota kuukuu iliyolipuka. Kadhalika nuru iliyogunduliwa tarehe 24 Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan ilikuwa mauti ya nyota kubwa. Basi tukisema "nyota mpya" twayaita matanga kwa jina la arusi.

Mkazi wa Kimbo, kati ya Ruiru na Thika, yuko mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Kimbo iko kiasi cha nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Usiku wa Disemba, mbingu ikiwa safi, huweza kutazama kaskazini akaiona Kassiopeia, kisha akageuka kusini kuelekea mahali pa mlipuko wa 1987, ambapo hapapandi zaidi ya nyuzi 22 hivi juu ya upeo wa macho. Pande zote mbili jicho lake halitaiona nyota iliyosifiwa kuwa mpya. Je, mwalimu atamjibu nini mwanafunzi atakayeuliza imekwenda wapi?

Nyota geugeu ina kasoro nyingine. Katika Kiswahili geugeu ni mtu asiyeaminika. Lakini Algol, ambayo jina lake la Kiarabu lina maana ya kichwa cha zimwi, hufifia kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi, bila kukosa miadi, kwa kuwa nyota mwenzake hupita mbele yake. Kuiita geugeu ni kuisingizia.

Badilifu ni afadhali, kwani haina lawama. Hata hivyo, Algol haififii yenyewe. Kinachopungua ni mwanga unaotufikia. Tena, msikilizaji aliyezoea kusikia kwamba nyota ya mtu imefifia aweza kudhani tunazungumzia bahati na ramli.

Pengine atatokea mtu wa kusema kwamba jina ni jina tu. Hatukubaliani naye, maana Kiswahili si mgeni katika elimu hii. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilipima mionzi ya eksirei kutoka angani, ikaonyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupigapiga kila baada ya sekunde 4.8, tena hufichwa na nyota mwenzake kila baada ya siku 2 hivi. Orodha yake ya nne, iliyotolewa 1978, ina vyanzo 339, na wanafalaki wangali wanaviandika kwa alama ya 4U. Herufi hiyo U ni ya Uhuru.

Lugha iliyotoa jina hilo haistahili kupokea maarifa yaliyopatikana kwalo katika maneno yanayopotosha. Kwa hiyo twapendekeza supanova litumike kwa mlipuko wenyewe, na nyota ya mwanga badilifu kwa aina kama Algol. Istilahi ya kwanza ni ya kukopa, na ya pili ni ndefu. Lakini kila moja hutaja kilichoonekana, na kumwachia mtaalamu kazi ya kueleza sababu.