Maziwa Yanayosimama Bila Oveni: Uchambuzi wa Crema Catalana na Jamaa Zake

Vitindamlo vya nyumbani vya Hispania, yaani vyakula vitamu vya kufungia mlo, vinapopikwa kwa maziwa huonekana mezani kama vyakula visivyohusiana, lakini vingi kati yake vinajibu swali moja la kiufundi, nalo ni namna ya kuyafanya maziwa, ambayo kwa asili ni majimaji, yawe mazito kiasi cha kuliwa kwa kijiko au hata kukatwa kwa kisu. Njia mbili kuu zinajulikana. Ya kwanza hutegemea mayai peke yake, ambayo protini zake hushikana zinapopata joto na kuyafungia maziwa ndani ya wavu wake. Njia hii inadai moto mpole usiopandapanda, na ndiyo sababu hufanyika vizuri zaidi katika oveni au katika chombo kilichozungukwa na maji ya moto. Ya pili huingiza wanga, na wanga huvumilia moto wa wazi. Katika vijiji vingi vya Hispania tanuri lilikuwa la mwokaji mikate au la kijiji kizima, ilhali moto wa nyumbani ulikuwa wa kuni au makaa, kwa hiyo si ajabu kwamba njia ya pili ndiyo iliyozaa vitindamlo vinavyopikika kwa urahisi zaidi nyumbani hadi leo, na mpishi yeyote mwenye jiko la mkaa au la gesi anaweza kuvipika bila kununua kifaa kipya.

Mfano bora wa njia hiyo ni crema catalana, kitindamlo cha Katalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania, ambacho huitwa pia crema de Sant Josep kwa sababu ndicho kitindamlo cha sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, siku ambayo Wahispania huwaenzi akina baba. Kiasi kinachotumiwa mara nyingi nyumbani ni lita 1 ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, viini 6 vya mayai, gramu 150 hadi 200 za sukari, gramu 40 za wanga wa mahindi, ambao madukani Afrika Mashariki hujulikana kwa jina la konflawa, pamoja na kijiti 1 cha mdalasini na ganda la limau 1. Orodha hii ni fupi, na ufupi wake ndio unaoifanya kila hatua kuwa na uzito, kwa kuwa hakuna kiungo cha kuficha kosa.

Hatua ya kwanza ni kuyatia maziwa harufu. Sehemu kubwa ya maziwa hutiwa mdalasini na ganda la limau, huchemshwa polepole hadi yaanze kutokota, kisha huepuliwa na kufunikwa kwa muda wa nusu saa hivi. Ganda linalotakiwa ni ile tabaka ya nje tu, iliyobanduliwa kwa kisu chembamba, kwa kuwa humo ndimo yalimo mafuta yenye harufu, nayo huyeyuka vyema katika mafuta ya maziwa. Tabaka nyeupe iliyo chini yake ni chungu, na uchungu huo haufutiki kwa sukari. Maji ya limau hayatumiki kabisa, kwa maana ukali wake hukata maziwa moto papo hapo. Mdalasini wa unga nao haufai hapa, kwani huacha chembe zinazochafua rangi ya krimu na kukwaruza ulimi.

Wanga huyeyushwa katika maziwa baridi yaliyobakizwa, wala si katika yale ya moto, kwa sababu chembe za wanga zikikutana na joto kabla ya kutengana, zile za nje huvimba na kuzifungia za ndani zikiwa kavu, na matokeo yake ni madonge ambayo hakuna mwiko unaoweza kuyavunja. Baada ya hapo viini hupigwa pamoja na sukari, mchanganyiko wa wanga huongezwa, kisha maziwa yenye harufu humiminwa juu yake kidogo kidogo kupitia chujio huku mkono mmoja ukikoroga bila kusita, ili viini vizoee joto hatua kwa hatua.

Mchanganyiko wote unaporudishwa motoni ndipo tofauti kati ya njia mbili zilizotajwa inapodhihirika. Krimu ya mayai matupu isiyo na wanga hushikana karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na ikipita nyuzi 85 hivi protini zake hukazana kupita kiasi, zikayasukuma maji nje, na mpishi akabaki na mayai yaliyovurugika ndani ya maziwa. Katika crema catalana hali ni nyingine, kwa sababu wanga uliovimba hukaa katikati ya protini na kuzichelewesha zisikumbatiane, kiasi kwamba mchanganyiko unaweza kufikishwa hadi kuchemka bila kukatika. Chembe za wanga wa mahindi huanza kuvimba joto linapofika kati ya nyuzi 62 na 72, lakini uzito kamili haupatikani mpaka joto likaribie nyuzi 95. Kwa hiyo mpishi anayeepua sufuria mapema kwa kuogopa kuharibu mayai hupata hasara mara mbili: krimu huwa nyepesi, na hubaki na ladha ya wanga mbichi.

Kuna hasara ya tatu, isiyoonekana siku hiyo hiyo, nayo inastahili maelezo kwa kuwa wapishi wengi hukutana nayo bila kujua chanzo chake. Kiini cha yai kina kimeng'enya kiitwacho amilesi, yaani kichocheo cha asili ambacho kazi yake ni kukatakata minyororo ya wanga. Kisipoharibiwa kwa joto kali, kimeng'enya hicho huendelea na kazi yake kimyakimya ndani ya bakuli, na krimu iliyoonekana nzito jioni hukutwa asubuhi imekuwa majimaji kama uji uliochacha. Dawa yake ni moja tu: kuukoroga mchanganyiko mpaka mapovu makubwa yapasuke juu yake, kisha kuuacha motoni dakika 1 hadi 2 zaidi huku mwiko ukipita chini na pembeni mwa sufuria ili usishike.

Matumizi ya wanga katika eneo hili yana nasaba ndefu kuliko mahindi yenyewe, ambayo yalifika Ulaya baada ya mwaka 1492. Kitabu cha mapishi cha Kikatalani cha karne ya 14, Llibre de Sent Soví, kina chakula kiitwacho menjar blanc, kilichofanywa kwa maziwa ya lozi, unga wa mchele, sukari na nyama ya kuku. Mapishi ya aina hiyo yanaonekana pia katika Llibre del coch cha Robert de Nola kilichochapwa Barcelona mwaka 1520. Baadaye kuku aliondolewa chunguni, na katika mji wa Kikatalani wa Reus menjar blanc ya lozi na mchele ingali ikipikwa kama kitindamlo. Mchele na miwa vililimwa Hispania tangu enzi ya utawala wa Waislamu, Al-Andalus, na bila mazao hayo mawili ni vigumu kuona crema catalana ingetokea wapi. Ubishi wa miaka mingi kuhusu nani alitangulia, Wakatalani au Wafaransa, ambao krimu yao ya kuunguzwa imo katika kitabu cha François Massialot cha mwaka 1691, hauna manufaa makubwa kwa mpishi, kwa kuwa vyakula hivyo viwili, ingawa vinafanana kwa juu, vimejengwa kwa misingi tofauti: cha Kifaransa cha leo husimama kwa mayai na malai, cha Kikatalani kwa wanga na maziwa.

Krimu ikiiva humiminwa katika vibakuli vipana vya udongo visivyo na kina, hupozwa na kukaa baridini saa kadhaa. Umbo la kibakuli si pambo, kwani upana wake huongeza eneo la sukari ya juu, na kila kijiko kinachozamishwa hupata sehemu yake ya ganda. Sukari hunyunyizwa sawasawa juu ya krimu baridi, kisha huunguzwa kwa chuma cha duara chenye mpini kilichopashwa moto mpaka kikaiva vizuri. Chuma hicho kikigusa sukari hutoa moshi, na kwa sekunde chache sukari huyeyuka, hugeuka rangi ya kahawia na kuwa karameli, ilhali krimu iliyo chini hubaki baridi kwa kuwa joto halikupata nafasi ya kupenya. Wengi sasa hutumia tochi ndogo ya gesi, ambayo hufanya kazi hiyo kwa usafi zaidi, ila chuma huacha uchungu mdogo wa moshi ambao Wakatalani wanauthamini, na kwa haki, kwa sababu ndio unaoizuia sukari isiuchoshe ulimi.

Karameli huvuta unyevu, na ganda lililokuwa likivunjika kama kioo huanza kulegea katika muda wa saa moja au mbili. Kwa hiyo krimu inaweza kupikwa siku moja kabla ya wageni, lakini kuunguza sukari hakuwezi kutangulia. Hufanyika wageni wakiwa wameketi, kibakuli baada ya kibakuli.

Ukiongezwa wanga katika mchanganyiko wa crema catalana, ukafika gramu 90 hadi 100 kwa lita, hupatikana kitindamlo kingine, leche frita, maana yake maziwa ya kukaanga, ambacho kimeenea hasa kaskazini mwa Hispania na huandaliwa sana wakati wa Kwaresima na Juma Takatifu. Mchanganyiko mzito humiminwa katika sinia iliyopakwa mafuta na kulazwa usiku kucha. Unapopoa, molekuli za wanga zilizotawanyika wakati wa kuchemka hushikana upya na kujenga jeli imara. Ukikorogwa katika saa hizo, muungano huo huvunjika na haurudi. Kesho yake hukatwa vipande vya mraba, ambavyo hupakwa unga wa ngano, huchovywa katika yai lililopigwa na kukaangwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 180. Mafuta yakiwa vuguvugu, yai huchelewa kushikana, maziwa huvuja na mafuta huingia mahali pake. Vikishatoka huviringishwa katika sukari yenye mdalasini wa unga, ambao hapa unafaa kuliko ule wa vijiti, na huliwa vikiwa moto au baridi. Kwa kugawiwa watu wengi hakuna kinachoishinda, kwani sinia moja hutoa vipande vya kutosha majirani na haihitaji bakuli wala kijiko.

Arroz con leche, wali wa maziwa ambao mkoa wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, umeupatia sifa kubwa, hauongezewi wanga wowote kwa kuwa punje zenyewe huutoa. Mchele wa punje fupi hupikwa kwa maziwa mengi na moto mdogo kwa muda unaoweza kuzidi saa moja, ukikorogwa mara kwa mara ili punje zisuguane na kuachia wanga wake, na sukari hutiwa mwishoni, kwa kuwa ikitangulia huvuta maji na kuchelewesha mchele kulainika. Mpishi wa Afrika Mashariki anapaswa kujua kwamba mchele wa pishori, ambao sifa yake ni punje ndefu zisizoshikana, ni dhaifu kwa kazi hii na hukakamaa ukipoa. Chenga za mchele, ambazo sokoni huuzwa kwa bei ya chini, zina nyuso nyingi zilizovunjika zinazotoa wanga kwa wepesi, na zitamfaa zaidi. Asturias nako sukari ya juu huunguzwa kwa chuma, kama Katalonia.

Flan, pudini ya mayai ya Hispania, ndiyo iliyobaki upande wa mayai matupu, na wapishi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaopika pudini ya mayai hawana mengi ya kujifunza humo, isipokuwa kwamba matundu yanayoonekana ndani yake ni dalili ya maji ya nje yaliyoachwa yachemke kwa nguvu. Yai zima hutumika kwa sababu ute huipa ukakamavu wa kupinduliwa sahanini, jambo ambalo crema catalana haihitaji.

Viini 6 vya crema catalana huacha ute wa mayai 6, na swali la kuutumia ni la kale kama mapishi yenyewe. Huko Jerez de la Frontera inasimuliwa kwamba mambo yalikuwa kinyume: watengeneza mvinyo walisafisha mvinyo kwa ute, viini vikapelekwa kwa watawa, nao wakavipika na shira ya sukari wakapata tocino de cielo, kitindamlo kizito kisicho na tone la maziwa. Nyumbani ute hupigwa na sukari ukawa merengue, ambayo huhitaji oveni ya moto mdogo. Asiye na oveni anaweza kuuhifadhi baridini siku moja na kuchovyea humo vipande vya leche frita badala ya yai zima, na ingawa ganda lake litakuwa jeupe zaidi, litashika vilevile.