Gari Lilipungua, Abiria Wakabaki

Barua ya HR siku hizi haisemi "tunakufuta kazi." Inasema kampuni inadownsize. Hebu tulifungulie boneti neno hili tuone injini yake.

Boneti ndiyo mahali pake hasa, maana lilizaliwa kwenye magari. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipaa, na Wamarekani walikuwa na magari marefu yanayokunywa petroli kama maji. Katikati ya muongo huo, watengenezaji wakaanza kusema downsize: kuunda gari lile lile kwa umbo dogo. Kwa modeli ya 1977 General Motors ilitoa Chevrolet Caprice fupi na nyepesi kuliko ile iliyotangulia. Lakini ndani, nafasi ya abiria haikuminywa. Zilizopungua ni bati na chuma. Watu walikaa vile vile.

Miaka ya 1980 neno likahama kutoka kiwandani hadi ofisini, na hapo ndipo ujanja ulipoingia. Sasa gari linabaki na dereva wake, anayeshushwa njiani ni abiria. Sikiliza pia sarufi yake: "kampuni inadownsize." Nani kaamua? Kapunguzwa nani? Husikii. Ni kama kampuni iko kwa dayati tu.

Misemo yetu haina adabu hiyo ya uongo. Ukipigwa kalamu, kalamu ipo, na kalamu haijiandikii; kuna mkono. Ukifutwa, umekuwa chaki ubaoni, lakini mwenye dasta yuko pale pale darasani. Shida ni ule msemo mtamu kuliko yote: kumwaga unga. "Amemwaga unga," ati mkono wake mwenyewe ndio uliotetemeka. Hapo Kiswahili nacho kinamkinga bosi.

Sheria ya Ajira ya 2007 ni wazi zaidi. Inasema anayepoteza kazi kwa sababu hahitajiki tena hana kosa. Kifungu cha 40 kinadai notisi ya angalau mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Ndiyo maana neno si pambo. Anayeamini amemwaga unga huondoka kimya akiona haya. Anayejua amepunguzwa bila kosa huuliza doo zake ziko wapi.

Siku hizi neno limefika mtaani. Msee akitoka nyumba ya vyumba viwili Kilimani, akaingia bedsitter Rongai, anaambia mabeshte, "Nimedownsize." Mimi simcheki. Amelifanya leso ya kusitiri aibu, na angalau nafsi yake iko hapo mwanzoni: ni-. Anajisemea mwenyewe, na mzigo anaubeba mwenyewe. Kampuni ikilivaa neno hilo hilo, inajisitiri mbele ya watu iliowatoa.

Kwa hivyo ukilikuta kwa barua, usilipite. Ligeuze liwe Kiswahili cha kawaida, "tunapunguza wafanyakazi," kisha uliza: wangapi, akina nani, na mbona gari la mkurugenzi bado ni refu vile?