Bonde Moja, Dhana Tatu: Istilahi ya Jiografia Darasani

Istilahi ya somo haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi inayoifanya mikononi mwa mwanafunzi. Tunapenda kulichambua hapa neno moja la jiografia ambalo limezoeleka mno hata halitiliwi shaka, nalo ni "bonde".

Neno hili hubeba dhana tatu. Kwanza, ni ardhi iliyoinama baina ya miinuko, iliyochimbwa na maji ya mto kwa muda mrefu. Pili, katika Bonde la Ufa, ni ardhi iliyodidimia baada ya ganda la dunia kuvutwa na kupasuka. Maji hayakulichimba, bali yalikuja baadaye kujaza baadhi ya sehemu zake, kama tuonavyo katika Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi. Tatu, katika usimamizi wa maji, ni eneo zima ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja.

Dhana mbili za kwanza hazigombani. Zote zahusu umbo la ardhi, na maneno "la ufa" yatosha kuonyesha asili. Tatizo limo katika dhana ya tatu. Tutazame Bonde la Pangani. Maji ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro huteremka katika mto huo hadi Bahari ya Hindi. Hivyo mwanafunzi akaaye mlimani huambiwa kwamba yu bondeni. Akifunua ramani, kontua zamwambia kinyume, kwani mpaka wa "bonde" hilo wapita juu ya migongo ya milima, mahali mvua inapogawanyika. Mwanafunzi makini atadhani ramani imekosea. Asiye makini atakariri tu.

Madhara hayaishii darasani. Mwanafunzi huyo akiwa mkulima, akisoma tangazo la kuhifadhi bonde, atadhani lawahusu walio chini kando ya mto, wala si yeye afyekaye miti penye chemchemi.

Wako wasemao kwamba muktadha hutenganisha maana. Kwa mtaalamu ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 12 hana muktadha huo bado, na kazi ya istilahi ni kumpatia.

Njia ya kurekebisha tumekwisha kuiona. Zamani "hali ya hewa" ilibeba mvua ya leo pamoja na wastani wa miaka 30. Neno "tabianchi" lilipotengwa kwa dhana ya pili, mwalimu alipunguziwa mzigo: hali hupita, tabia hudumu. Tofauti imo ndani ya maneno yenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza "bonde" libaki kwa umbo la ardhi, na eneo likusanyalo maji ya mto liitwe "kidakio", kutokana na kudaka. Majina rasmi hayabadiliki kwa siku moja. Kwa sasa yatosha vitabu vieleze kwamba Bonde la Pangani ni kidakio cha mto Pangani. Nao walimu wawape wanafunzi ramani ya 1:50,000, wawaache wafuate kwa penseli migongo ya milima iliyozunguka mto mmoja. Mstari ukikamilika, waulizwe jina la kilichomo ndani yake. Neno watakalolielewa bila kusahihishwa ndilo linalostahili kuingia vitabuni.