"Nakiri" ya Vitabuni, "Sikatai" ya Mtaani

Hebu mfikirie muuza maharage wa hapa Makanyagio akimwambia mteja, "Nakiri kwamba bei yangu ilikuwa juu." Hukuwahi kumsikia, wala hutamsikia. Lakini katika miswada ya waandishi chipukizi ninayosoma, wauza maharage, mabibi, makonda wa mabasi, hata walevi, wote wanakiri. Asubuhi wanakiri, jioni wanakiri! Ugonjwa huu najua umetoka wapi. Mwandishi amewaza kwa Kiingereza cha shuleni, akakutana na kitenzi "concede", akakimbilia kamusi.

Kitenzi hicho ni cha mtu aliyebanwa. Anakubali kwa sababu hana pa kutokea, na Kiingereza kimeitia ile nongwa yote ndani ya neno moja. Sisi tukiweka "kubali", nongwa inamwagika, maana binti anayekubali posa kwa furaha naye anakubali. Tukiweka "kiri" tunaongeza mzigo usiokuwemo, wa kosa au wa imani. "Ungama" ndiyo kabisa, mtu keshapiga magoti mbele ya padri. Basi wengine huongeza "kwa shingo upande", wakadhani wamemaliza kazi. Msemo mzuri, sawa, lakini ni wa msimulizi anayemtazama mtu kwa nje. Mwenye shingo hiyo ana maneno yake mwenyewe.

Anasema: "Sikatai."

Kwa maoni yangu hiki ndicho kitenzi tulichokuwa tunakitafuta, na kimekaa mtaani siku zote. Tazama kilivyojengwa. Ni ukanushi wa kukataa. Anayesema "sikatai" hajafungua mlango, ameacha tu kuusukuma. Ndiyo maana "lakini" haikai mbali: "Sikatai, mwanao ana akili, lakini adabu je?" Wenzake wapo: "sibishi", "tuseme ni hivyo", "haya, yaishe". Muuza maharage wetu akishindwa kwenye bei atasema, "Haya chukua, ila usiwaambie wenzako." Hapo amekubali, amelalamika, na amekudai siri, yote kwa pumzi moja. Na mzee aliyeshindwa hoja na kijana hujibu, "Haya bwana, ninyi ndio mmesoma." Mgeni atadhani kijana amesifiwa. Wapi! Kapigwa kibao. Hapa wanapokutana Mbende, Mfipa, Msukuma na Muha, na kila mmoja ana lugha ya kwao, kibao hicho hakihitaji mkalimani.

Shakespeare aliijua siri hii. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na kuitoa mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, Shylock anabanwa mahakamani mpaka ananyang'anywa nusu ya mali yake na kulazimishwa kuiacha dini yake. Anaulizwa kama ameridhika. Jibu lake kwa Kiingereza ni maneno matatu, kwamba ameridhika. Basi. Kisha anaomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri. Hakuna kukiri popote, na ndiyo maana inauma. Angepita mikononi mwa baadhi ya wenzetu, angekiri kwa aya nzima.

Magazetini nako kuna shughuli. Septemba 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipokataa kesi ya kupinga matokeo ya urais, Raila Odinga alisema anauheshimu uamuzi ingawa haafikiani nao hata kidogo. Ukimwandika "amekubali kushindwa" umemsemea. Alichofanya ni "sikatai" ya kisiasa.

Lakini panaponitia wasiwasi zaidi ni mahakamani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, jambo tulilolililia miaka mingi. Sasa Sheria ya Ushahidi ya 1967 inatofautisha kukubali jambo fulani na kuungama kosa lenyewe, na ungamo lazima litolewe kwa hiari. Chukua kijana anayeulizwa kuhusu ng'ombe walioibwa. Anajibu, "Sikatai, nilikuwepo pale, lakini ng'ombe sikuwagusa." Mwandika maelezo akiandika "mtuhumiwa amekiri", amefanya makosa yale yale ya mwandishi chipukizi, ila hapa anayelipa si msomaji aliyechoka. Ile "lakini" iliyoachwa nje ya karatasi ndiyo ilikuwa utetezi wote wa kijana.

Kwa hiyo miswada yenye "nakiri" nitaendelea kuirudisha, na nimeshalalamikiwa kwamba nawabana watu. Mmoja aliandika upya ukurasa wake wa nne. Bibi wa hadithi, ambaye awali alikiri kwamba mkwewe ni mwanamke mwema, sasa anapokea sahani ya ugali, anaonja mboga, anasema, "Chumvi imekaa." Halafu anaendelea kula.