Mkono wa Pili

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, tulikaa watu tisa kwenye chumba kimoja cha hosteli kuamua kama mwenzetu ni mwizi. Simu ya mtu ilikuwa imepotea usiku, na yeye ndiye aliyeonekana mara ya mwisho akipita koridoni. Ushahidi mwingine haukuwepo, na mwenyewe hakuitwa kujieleza. Kiongozi wetu wa korido, kijana mcheshi ambaye kila mtu alimpenda, akasema, "Wanaotaka ahame, wanyooshe mikono." Mikono minne ikapanda papo hapo. Ukafuata wa tano, kisha wa sita. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanyoosha wangu. Nadhani ulikuwa wa nane. Kesho yake jioni aliondoka na godoro lake kichwani.

Miaka kadhaa baadaye nikakaa kutazama 12 Angry Men, filamu ya Sidney Lumet ya mwaka 1957. Ilipofika kura ya kwanza nikaisimamisha, nikatoka nje kupunga upepo. Nilikuwa nimeiona ile mikono.

Mahakama zetu Tanzania haziamui kesi kwa utaratibu huu, kwa hiyo nieleze kidogo. Kijana wa miaka 18 anashtakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Raia kumi na wawili wanafungiwa chumbani, siku ya joto kali, waamue kama ana hatia. Uamuzi lazima uwe wa wote, na wakisema ana hatia, kijana atauawa. Mwenyekiti anaitisha kura ya mikono. Mingine inapanda upesi, mingine inachelewa, inapanda baada ya mwenyewe kuwaangalia wenzake. Wanafika kumi na mmoja. Mjumbe wa 8, aliyeigizwa na Henry Fonda, peke yake ndiye anayesema hana hatia.

Tangu hapo filamu hii imekuwa ikisifiwa kama hadithi ya shujaa mmoja. Inaonyeshwa vyuoni na kwenye semina za uongozi, na somo linalotolewa huwa lilelile: thubutu kusimama peke yako. Sikatai kwamba Fonda anavutia. Ninachopinga ni usomaji huo, kwa sababu unaturuhusu sote tujione tumekaa kwenye kiti chake. Nimekaa kwenye chumba cha namna hiyo, najua kiti changu kilikuwa kipi.

Itazame tena filamu, uangalie lini hasa mambo yanageuka. Mjumbe wa 8 anahoji ushahidi. Anatoa mfukoni kisu kinachofanana kabisa na kile cha mauaji, kile ambacho wenzake waliamini hakina mfano. Wanashtuka, wanapiga kelele, lakini hakuna anayetamka kwamba amebadilika. Ndipo anapofanya jambo ambalo watazamaji wengi hulisahau. Anapendekeza wale kumi na mmoja wapige kura ya siri, kwa karatasi, yeye akikaa pembeni. Wote wakiandika "ana hatia", atakubaliana nao. Shujaa wetu, kwa maneno mengine, yuko tayari kushindwa. Karatasi zinasomwa moja baada ya nyingine, na moja inasema hana hatia.

Ni ya Mjumbe wa 9, mzee aliyeigizwa na Joseph Sweeney. Anapojieleza hasemi kwamba kijana hana hatia. Anasema huenda anayo. Amemheshimu tu mtu aliyesimama peke yake dhidi ya wote, na anataka kusikia zaidi. Kura yake haihitaji awe na uhakika wowote, na ndiyo inayookoa maisha ya kijana.

Miaka michache kabla ya filamu hii, mwanasaikolojia Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifundisha Swarthmore College huko Marekani, alikuwa anapima jambo hilihili kwa mistari iliyochorwa kwenye kadi. Unaonyeshwa mstari mmoja, kisha mitatu, useme upi kati ya hiyo mitatu unalingana na ule wa kwanza. Jibu liko wazi. Watu wakijibu peke yao hukosea chini ya mara moja katika mia. Lakini unaketi na wenzako kadhaa wanaojibu kwa sauti kabla yako, usijue kwamba wamepangwa, na katika raundi fulani wote wanataja mstari uleule usio sahihi. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1955, watu 123 walipimwa, na asilimia 36.8 ya majibu yao katika raundi hizo yalifuata kosa la wengi.

Takwimu hiyo husimuliwa kila mahali ili kuthibitisha kwamba binadamu ni kondoo. Ukiigeuza, inasema pia kwamba majibu mengi hayakufuata mkumbo, na kwamba kama robo ya watu hawakuyumba hata mara moja. Kinachonigusa zaidi ni jaribio jingine alilolifanya. Alimweka katika kundi mtu mmoja wa kujibu sahihi kabla ya mhusika, na mhusika alipopata mwenzake huyo, nguvu ya wengi ilishuka hadi kama robo ya ilivyokuwa. Hata yule mpinzani alipokosea naye, mradi kosa lake lilikuwa tofauti na la wengi, makosa ya mhusika yalipungua. Na watu waliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka mbele ya wenzao, mkumbo ulilegea sana.

Mwenzako mmoja na karatasi: hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo filamu inaviweka mezani kabla hoja yoyote haijashinda. Iwe kwa kukusudia au kwa kipaji tu, mwandishi wake Reginald Rose aliyeandika kisa hiki kwanza kama tamthilia ya televisheni mwaka 1954, baada ya yeye mwenyewe kuitwa kwenye baraza la namna hii, alikijua chumba kile.

Kuna mahali filamu inanishinda kuikubali, nako ni mwishoni. Mizani imegeuka, na sasa Mjumbe wa 3 ndiye aliye peke yake dhidi ya kumi na mmoja. Wanamkazia macho kimya hadi analia na kusalimu amri. Kabla yake Mjumbe wa 10 alipomwaga maneno yake ya chuki, wenzake waliinuka mmoja mmoja wakampa mgongo. Tunashangilia kwa sababu tunawachukia watu hawa wawili, lakini uzito unaowaangukia ni uleule ulioanza kumwangukia Mjumbe wa 8. Lumet aliishusha kamera hatua kwa hatua na kubadili lenzi ili chumba kizidi kuonekana chembamba. Mwishoni kuta hizo zinambana mtu tusiyempenda, na filamu haituulizi tunajisikiaje.

Kwa haki, inalijua tatizo hilo. Mjumbe wa 7, mwenye tiketi za mechi ya besiboli mfukoni, anabadili kura kwa kuwa amechoka. Mjumbe wa 11, fundi saa mhamiaji kutoka Ulaya, anamjia juu ingawa kura hiyo ni ya upande wake. Anataka kujua sababu. Laiti filamu ingekuwa na ujasiri huo hadi dakika ya mwisho.

Tusisahau pia kwamba chumba cha Fonda ni cha nadra. Harry Kalven na Hans Zeisel, katika utafiti wao uliotoka mwaka 1966, walikuta kwamba karibu kesi tisa kati ya kumi ziliamuliwa na upande uliokuwa na wengi tangu kura ya kwanza. Wengi wape, tunasema, usipowapa watachukua wenyewe. Kwenye vyumba vingi, mkono wa kwanza hadi wa nne huwa umeshamaliza kazi.

Ndiyo maana namshika Mjumbe wa 9. Kuwa Mjumbe wa 8 ni mtihani mkubwa, na ukiushindwa una udhuru. Mzee hakudaiwa ushahidi wala hotuba. Alidaiwa kusema, "Ngojeni kwanza," baada ya mwingine kusema.

Mwaka juzi, kwenye harusi, nilikutana na mmoja wa wale tisa. Tulicheka mengi ya hosteli, kisha yeye mwenyewe akaileta ile habari ya simu. Nikamwambia mimi sikuwahi kuamini kwamba jamaa aliiba. Akaweka soda yake chini.

"Kaka, hata mimi," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Ulivyonyoosha, nikanyoosha."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko filamu yoyote. Siku zote nilijihesabu mkono wa nane, niliyeburuzwa na saba. Kumbe kuna aliyekuwa anasubiri wangu. Laiti ungebaki chini, pengine tungekuwa wawili, na kikao kingelazimika kumwita yule kijana aje azungumze.

Filamu inaishia kwenye ngazi za mahakama. Mzee anamwita Mjumbe wa 8, wanaulizana majina, wanapeana mkono, kila mtu anashika njia yake. Mimi jina la yule kijana nalikumbuka vizuri. Nimewauliza watu watatu namba yake ya simu, na bado sijaipata.