Sanaa ya Kuupa Ukurasa Jina

Kila ukurasa wa wavuti ulioandikwa vizuri una kichwa kilichokusudiwa msomaji ambaye bado hajaufikia. Kichwa hicho huandikwa sehemu ya juu ya msimbo wa HTML, yaani lugha ya alama inayokieleza kivinjari namna ya kuupanga ukurasa, na huzungushiwa lebo, ambayo ni jozi ya alama zinazoonyesha kipande cha maandishi kinaanzia wapi, kinaishia wapi na kina kazi gani. Hakionekani ndani ya ukurasa wenyewe, bali huonekana kwenye kichupo cha kivinjari na, zaidi ya yote, kwenye orodha ya majibu ya injini ya utafutaji, ile programu inayopitia kurasa za wavuti, kuzihifadhi katika faharasa na kuzipanga kulingana na swali ililoulizwa. Kuyachagua maneno hayo machache kumezoeleka kuhesabiwa kama tawi la matangazo ya biashara, ilhali ni kazi ya uandishi kamili, inayodai usahihi na ufupi kwa pamoja.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko injini nyingi zinazotumika leo. Lebo ya kichwa ilikuwamo katika maelezo ya kwanza ya HTML ambayo mbunifu wake, Tim Berners-Lee, aliyatoa mwaka 1991, na kanuni za toleo la pili la lugha hiyo, zilizochapishwa Novemba 1995, ziliamuru kila waraka uwe na kichwa, zikashauri kisifike herufi 64, na zikatahadharisha kwamba kichwa kama “Utangulizi” hakina maana kikisomwa mbali na waraka wake. Katika tahadhari hiyo ndimo ilimo sanaa nzima, kwa sababu mwandishi anayeishi na ukurasa wake huyajua yote yanayouzunguka na huona neno moja linamtosha, wakati msomaji aliye nje hana chochote mkononi isipokuwa neno hilo. Google ilipoanzishwa mwaka 1998, waandishi wa kanuni walikuwa wameshalifikiria tatizo hili kwa ajili ya binadamu.

Waanzilishi wa Google, Sergey Brin na Lawrence Page, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza katika makala yao ya mwaka 1998 kwamba mfumo wao uliyapa hesabu ya pekee maneno yaliyomo kwenye kichwa, kwenye anwani ya ukurasa, kwenye lebo za meta zibebazo taarifa kuhusu ukurasa na kwenye maandishi ya viungo, na kwamba hata injini inayotafuta katika vichwa peke yake ilitoa majibu mazuri mno pale kurasa zilipopangwa kwa kufuata uzito wa viungo vinavyoelekea kwao. Lebo ya meta ya maneno muhimu, ambayo ni orodha iliyofichwa ndani ya msimbo ili isomwe na mashine tu, ilikuwa na hatima nyingine kabisa: watu waliijaza maneno yasiyohusiana na kurasa zao, na Septemba 2009 Google ikatangaza kwamba haiitumii kupanga majibu yake. Kichwa kilinusurika kwa kuwa kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja, na anayejaribu kuidanganya mashine kwa kutumia kichwa hulazimika kumdanganya mtu waziwazi, naye mtu huyo hugeuka na kuondoka.

Mfano wa jikoni waweza kuonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Ukurasa ulioitwa “Chapati” haujamwambia mtu lolote, kwani chapati za kusukuma hutokana na unga uliokandwa, na chapati za maji hutokana na mchanganyiko mwepesi unaomiminwa kwenye kikaango. Ukiitwa “Jinsi ya Kupika Chapati Tamu Sana za Kupendeza Nyumbani Kwako Leo”, maneno yameongezeka na habari imebaki ileile. “Chapati laini za kusukuma: vipimo na namna ya kukanda” ni kichwa chenye alama 53 pamoja na nafasi zake, na kila neno ndani yake linamtenga mtu mmoja anayeuhitaji ukurasa huo na mwingine asiyeuhitaji. Muundo wa Kiswahili unamsaidia mwandishi hapa, kwa kuwa nomino hutangulia sifa zake na kichwa kikikatwa mkiani hubaki na jambo lenyewe. Panapohitajika uangalifu zaidi ni kwenye ngeli: anayeumwa huenda akaandika “jino”, na mwingine “meno”, maneno yasiyofanana hata kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo mwandishi mwenye huruma huweka umbo moja kwenye kichwa na la pili kwenye maelezo mafupi ya ukurasa. Maelezo hayo, yanayoandikwa katika lebo nyingine ya meta, hayaupandishi ukurasa katika orodha ya Google, lakini wakati mwingine ndiyo yanayoonyeshwa chini ya kichwa, na ndiyo yanayomsaidia msomaji kuamua.

Kuhusu urefu, mengi yasemwayo ni ya kukadiria tu. Kinachokata kichwa kwenye skrini ni upana na si idadi ya herufi: “mwanamume” na “ililipiwa” yana herufi 9 kila moja, lakini la kwanza linakula nafasi kubwa zaidi. Agosti 2021 Google ilieleza mfumo mpya wa kuunda vichwa vya majibu, ambao huweza kukiacha kichwa kirefu mno, kilichorudiarudia maneno au kisicho na habari, na kuchukua badala yake kichwa kikuu kinachoonekana ndani ya ukurasa; mwezi uliofuata ikasema kwamba vichwa vya waandishi hutumika kwa takriban asilimia 87 ya mara zote. Mwandishi makini hana sababu ya kuogopa mfumo wa namna hiyo.

Yupo pia msomaji ambaye wataalamu wa utafutaji humtaja kwa nadra, naye ni asiyeona, anayetumia kisoma skrini, programu inayoyageuza maandishi kuwa sauti. Ukurasa unapofunguka, jambo la kwanza analosikia kwa kawaida ni kichwa chake, na mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, wa mwaka 2008 kuhusu ufikiaji wa wavuti unaliweka sharti la kichwa kinachoeleza mada katika daraja la A, ambalo ndilo la lazima kuliko yote. Tovuti inayotanguliza jina la taasisi katika kila ukurasa humlazimisha alisikilize jina hilo upya kila anapohama kutoka kichupo kimoja hadi kingine, ilhali ile inayotanguliza mada na kuliweka jina la taasisi mwishoni humwezesha kujua alipo kwa maneno mawili au matatu ya mwanzo, na maneno hayo ndiyo yaleyale ambayo injini ya utafutaji iliyahitaji.