Makumbusho ya Kitale, Darasa la Mchoraji

Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa wadudu aliyeishi Kitale, Kenya, aliyaanzisha Makumbusho ya Kitale mwaka 1926. Alifariki mwaka 1966, mkusanyiko wake ukaachiwa taifa, na Desemba 1974 jengo jipya likafunguliwa.

Mimi huwapenda vipepeo wake. Kipepeo aliyekunjuliwa mbawa na kubanwa kwa pini hukupa nafasi ya kuifuata mishipa ya ubawa mmoja mmoja na kuona unga wa rangi unapokolea, ndipo penseli iguse karatasi. Nyuma ya jengo kuna njia ya kupita msituni, na miti yake haina haraka na mtu.

Katika karne ya 19, wachoraji wa Denmark kama P. C. Skovgaard waliichora misitu ya kwao kwa umakini huohuo, na Wadenmaki wakajitambua ndani yake. Sisi tuna Mlima Elgon, wenye lobelia ndefu kuliko mtu. Inaniuma kumwona mtoto wa Bungoma, jirani na mlima huo, akichora mnazi asioujua. Walimu, waleteni watoto Kitale, na kila mmoja aje na penseli iliyochongwa.